Mke wa Seneta wa Thornton Heath

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, Sesilia Nabintu alikuwa mke wa seneta wa Roma. Ikifika saa nane na nusu alikuwa ameshavua wigi, amerudisha gauni kwenye hanga na kushika mopu, maana choo cha wageni hakiulizi mtu ameolewa na nani.

Cheo hicho hakukiomba. Alikuwa mfagizi wa makumbusho madogo yaliyojibana katikati ya mabenki ya London, na kwa miaka sita kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa alama za vidole vya watoto kwenye vioo. Kioo kilichochafuka kuliko vyote kilikuwa cha jiwe la kaburi la Rutilia Severa. Jiwe hilo, lenye kimo cha friji, lilifukuliwa na wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa mojawapo ya benki hizo. Limechongwa sura ya mwanamke aliyekaa kitini amenuna, na kibao kilicho kando yake kinaeleza kwamba Rutilia alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa Roma, kwamba alimfuata mumewe seneta hadi huku kwenye baridi, kwamba alifariki akiwa na miaka arobaini na mitatu, na kwamba alikuwa mama wa watoto watatu. Sesilia alijifunzia Kiingereza kwenye kibao hicho. Ndiyo maana kwa muda mrefu aliweza kuzungumza vizuri kuhusu mazishi lakini akashindwa kununua stempu.

Kulikuwa na mwigizaji wa kulipwa, msichana mwembamba aliyekuja kila mwezi kuvaa kama Rutilia na kuwaeleza wageni maisha ya mwanamke wa Kiroma. Sesilia hakumpenda. Binti huyo aliwashika watoto watatu wa plastiki wa Rutilia kama mtu aliyebeba mifuko ya chipsi. Asubuhi moja msichana huyo akapiga simu kusema amepata tangazo la televisheni na hatakuja tena, na wakati huo watoto arobaini wa madarasa ya Jumamosi walikuwa mlangoni wanavua makoti. Amisha, mkuu wa elimu wa makumbusho, akatoka ofisini amejishika kichwa. Macho yake yakamwangukia Sesilia, ambaye alikuwa ameokota shuka la Rutilia sakafuni na kujitupia begani ili apate mkono wa kufuta kiti. Lilivyomkaa hilo shuka, mikunjo yake ilikuwa ile ile ya kwenye jiwe.

Amisha alizaliwa London na wazazi waliozaliwa Kisumu. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi yake Lila, kule Rayners Lane, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha tu.

"Mama Sesilia, wewe vaa hii yote," alisema. "Wewe kaa kwa kiti. Wewe sema maneno ya kibao. Haraka, please, tafadhali."

Sesilia akavaa, akakaa, akanuna kama jiwe lilivyonuna, akasema maneno ya kibao. Yaliisha baada ya dakika mbili. Watoto bado walikuwa wamekaa chini wanamkodolea macho, na Sesilia hakuwa mtu wa kuwaacha wageni na njaa. Basi akawaeleza habari za mama mkwe wa Rutilia, aliyekuja kutoka Roma kutembea wiki mbili akakaa miaka minne, akinusa kila chungu jikoni. Akawaeleza jinsi seneta alivyokuwa akinguruma barazani na kunong'ona nyumbani. Akawaeleza inakuwaje kukimbia vita na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na jinsi unavyomfundisha mtoto kulia bila sauti. Hapo mwalimu wao akavua miwani akaifuta.

Profesa mmoja mwenye ndevu, mjumbe wa kamati ya makumbusho, alimfuata baadaye kulalamika kwamba hakuna ushahidi wowote wa kuwapo kwa mama mkwe.

"Rutilia alikuwa na bwana?" Sesilia akamuuliza.

"Naam, alikuwa naye."

"Ule bwana, nani alimuzaa? Jiwe?"

Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake na kwenda zake. Kitabu cha wageni kikajaa sifa. Mmoja aliandika kwamba angeapa mama huyu aliyaona hayo kwa macho yake. Mwingine aliandika kwamba kila neno lake linaaminika. Amisha akapiga picha ukurasa huo, akamtumia Sesilia kwenye WhatsApp, naye akausoma kwenye basi la kurudi nyumbani Thornton Heath. Alicheka peke yake mpaka abiria wa kando akahama kiti.

Alicheka kwa sababu mkobani alikuwa na barua ya ofisi fulani, ambayo haina haja ya kutajwa, iliyosema kwa herufi nzito kwamba Sesilia Nabintu si mtu wa kuaminika. Habari za mwanamke aliyekufa miaka elfu moja na mia nane iliyopita, alizozitunga papo hapo huku wigi likimwasha, zilikuwa zimeaminiwa na walimu, watoto na watalii. Habari zake mwenyewe, alizozitembea kwa miguu yake, zilikuwa zimerudishwa kama uongo. Na katika kurudishwa huko alikuwa karibu kumpoteza mwanawe Miradie.

Mambo yalikuwa hivi. Sesilia alitoka Bukavu miaka kumi na mitano iliyopita, mumewe ameshauawa. Alimshika mkono Serge wa miaka minane, akambeba Laurette wa miaka mitatu. Miradie, wa miaka miwili, alikuwa amelazwa na surua, hawezi kusafiri, akabaki na bibi yake. Sesilia alimwambia mama yake kwamba atarudi kuwachukua baada ya wiki mbili. Kila anayekimbia husema wiki mbili. Bibi alimvusha mtoto hadi Bujumbura, na baada ya miaka kadhaa bibi akafariki, na Miradie akabaki kwa familia moja ya kanisa. Sesilia alimwona aking'oka meno, akisuka nywele, akipokea ripoti za shule, yote kwenye kioo cha simu chenye ukubwa wa kiganja. Sasa Miradie alikuwa na miaka kumi na saba. Mwezi wa Agosti angefikisha kumi na minane, na kuanzia siku hiyo sheria ingemhesabu kuwa mtu mzima asiyehitaji mama. Sesilia alikuwa na hamsini na moja na bado alimhitaji wake.

Kwenye fomu ya kumwombea Miradie aje London, palipoulizwa idadi ya watoto, aliandika watatu. Ofisi ikataka vipimo. Wakachukua kwa kijiti cha pamba mate ya Sesilia huku na mate ya Miradie kule, na majibu yaliporudi yakasema hawa wawili ni watu wa damu moja, lakini si mama na mwana. Barua ikafuata. Mwombaji alidai kuwa mama, sayansi imemkataa, kwa hiyo haaminiki kwa jambo lolote, kifo cha mume kikiwemo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu, na ofisi ilikuwa imeipima kwa kijiti cha pamba.

Wakili wake aliitwa Rupinder, mzaliwa wa Nairobi, mwenye chumba cha kazi juu ya duka la vito huko Southall. Aliisoma barua mara mbili, akavua viatu chini ya meza kama alivyofanya kila alipoona kesi imeharibika.

"Mama Serge, kwa nini hukuniambia hii kitu?"

"Hukuniuliza, Maître," Sesilia akajibu, kwa cheo cha mawakili wa kwao. "Uliniuliza niko na batoto ngapi. Niko na batatu."

"Lakini huyu hukumzaa!"

Sesilia akatazama dirishani. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia sentensi hiyo, na ilimuuma zaidi kuliko barua.

Ni kweli hakumzaa. Miradie alizaliwa na Thérèse, mdogo wake Sesilia, aliyefariki siku ya nne baada ya kujifungua. Siku ya mazishi wanawake walimkalisha Sesilia kwenye mkeka, yeye mwenyewe akiwa bado ananyonyesha Laurette, wakamweka kichanga mapajani mbele ya watu wote. Mama yao akasimama. "Thérèse hakuacha mutoto," alisema. "Hii mutoto iko ya Sesilia. Mwenye atasema iko ya Thérèse, anamufukua Thérèse." Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayetaka kufukua maiti, hakuna aliyesema. Majirani hawakusema, padri hakusema, hata walevi wa mtaani, ambao kwa kawaida husema kila kitu, walifunga midomo. Sesilia aliwanyonyesha wote wawili, Laurette kulia, Miradie kushoto. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, watu hupenda kusema, lakini yeye hakuwahi kuitumia methali hiyo hata siku moja. Kuitumia kungekuwa kukiri kwamba kuna mwingine aliyezaa.

Kwa hiyo mbele ya karani, miaka yote hiyo, alipoulizwa ana watoto wangapi, kosa alilolifanya lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu. Rupinder alilielewa. Nyanya yake mwenyewe alikuwa amelea watoto watatu wasio wake. Lakini kuelewa hakumzuii wakili kuwa wakili.

"Sikiliza, Mama Serge. Hearing ni mwezi wa sita. Judge atakuuliza, na lazima useme kwa mdomo wako: mimi sikumzaa, ni wa dada yangu, nimemlea kama wangu tangu siku ya nne. Ukisema hivyo, tuko na case, na tunaweza kushinda. Ukisema tena ni wako, tumekwisha."

"Na Miradie atajua?"

"Uamuzi huandikwa. Yeye ndiye anaomba visa, kwa hiyo atatumiwa copy yake."

Hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Miradie hakuwahi kumwita mtu mwingine mama. Alipotoa mate yake aliambiwa ni kawaida ya watu wa ndege. Ili ampate, Sesilia alitakiwa amkane kwa maandishi, na mwenye kukanwa ayasome.

Laurette, ambaye alikuwa akisoma barua zote za nyumba ile tangu akiwa na miaka tisa, aliikuta hiyo kwenye meza ya jikoni. Aliwahi kunyonya upande wa kulia lakini Kiswahili kilimfikia masikioni tu, kinywani hakikufika. Alijibu kila kitu kwa Kiingereza. Akamuuliza mama yake kwa lugha hiyo kama ni kweli Miradie ni binamu yake.

"Nani alikuambia neno hilo?" Sesilia akafoka. "Iko dada yako. Soma barua ya gesi, hii uache."

Laurette akaacha. Lakini tangu siku hiyo akawa anamtazama mama yake kwa jicho la huruma, jambo ambalo Sesilia hakulizoea wala kulipenda.

Mwezi wa tano, Amisha akamwita ofisini kwake na kumpa maneno mapya ya Rutilia. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Watafiti walikuwa wamelichunguza jiwe upya kwa taa maalumu, na wakasoma jina la mtoto wa tatu, ambalo zamani lilikuwa limefutika. Lilikuwa na ukoo wa baba mwingine kabisa. Baada ya mabishano marefu wakakubaliana: mtoto wa tatu alikuwa wa dada yake Rutilia, aliyefariki, na Rutilia alimlea. Amisha alikuwa ameandika sentensi nzuri ya kusema hadharani, Rutilia akimwonyesha mtoto wa tatu wa plastiki: huyu si wa tumbo langu, ni wa dada yangu.

Sesilia aliisoma, akairudisha karatasi mezani.

"Hiyo sisemi."

"Kwa nini, Mama Sesilia? Hii ni history. Hii ni kitu kubwa sana."

"Ni mambo ya nyumba ya batu. Mwenyewe alikaa kimya myaka yote hii, mimi nani nimuseme?"

"Yeye hakuficha," Amisha akasema. Kiswahili kikamwishia hapo, akaendelea kwa Kiingereza, taratibu, kama aliyekuwa akiwaeleza watoto. Roma, alisema, ilikuwa na siku yake, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, ambapo wanawake walikwenda kwenye hekalu la mungu wa kike, mama wa alfajiri. Siku hiyo hawakuwabeba watoto waliowazaa. Waliwabeba watoto wa dada zao, wakawakumbatia na kuwaombea hao kabla ya wao wenyewe. Lilikuwa jambo la sherehe, tena la heshima.

Sesilia akavuta kiti akakaa.

"Mbele ya batu bote?"

"Mbele ya watu wote."

"Na hakuna mwenye alifukuliwa?"

Amisha hakuelewa swali, akajibu hapana, hakuna.

"Na kwa kibao kule inje," Sesilia akauliza, "sasa mutaandika batoto babili?"

"Hapana! Kwa nini? Yeye alihesabu watatu, basi ni watatu."

"Mulimupima mate?"

Amisha akacheka, akidhani ni mzaha. Sesilia hakucheka. Alikwenda na dawa yake ya vioo hadi kwenye jiwe, akasimama mbele ya yule mwanamke aliyenuna, na moyoni akamwonea wivu wa wazi, wivu wa mke mwenza. Huyu alikuwa na mabwana wasomi wanaomtetea kwa taa maalumu. Alisema watatu, na dunia ikakubali watatu, haijamdai hata kijiti kimoja cha pamba. Na yote aliyoyafanya ili apate heshima hiyo ni kufa mapema. Sesilia alikisugua kioo chake siku ile kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Lakini ile siku ya hekalu haikumtoka akilini. Aliifikiria akipanga mashati, akaifikiria kanisani wakati padri anahubiri jambo lingine. Mwanamke anatoka nyumbani kwake, amembeba mtoto wa dada yake barabarani mchana kweupe, watu wanamwona, na Thérèse wao wa kule anabaki amelala salama kaburini kwake. Kwao Bukavu walilinda kwa kunyamaza. Hawa walilinda kwa kutangaza. Hakuona nani alikosea.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita akavaa, akakaa, akawaeleza wageni mama mkwe na seneta. Halafu akamchukua yule mtoto wa plastiki wa tatu na kumweka mapajani. Amisha alikuwa amesimama nyuma ya watu amekunja mikono. Alikuwa ameambiwa sentensi haitasemwa.

"Huyu sikumzaa," Sesilia akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya Rutilia, ambayo ilikuwa kubwa kuliko yake. "Dada yangu alimzaa, akafa. Walinipa siku ya nne. Nilimnyonyesha upande wa kushoto. Ni wangu."

Hakuna kilichoanguka. Dari haikupasuka. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuja na wajukuu wake alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Sesilia akahisi amelitua gunia alilokuwa hajui kwamba amelibeba, na papo hapo akaona aibu kwa kujisikia mwepesi.

Msichana mwenye pengo la meno ya mbele akanyoosha mkono. Akauliza: na yule mtoto, yeye alijua?

Mke wa seneta alikuwa na jibu la kila kitu, hata la mambo ambayo maprofesa hawakuyajua. Safari hii alimweka sawa mtoto wa plastiki mapajani, akamweka sawa tena, mpaka Amisha akaanza kusogea mbele kumwokoa.

"Sijui," akasema. "Mama yake aliogopa kumuuliza."

Alhamisi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani akaenda mahakamani na Rupinder. Laurette alifuata nyuma amebeba mafaili. Mkalimani aliitwa Kizito, Mkenya mtanashati aliyekuwa akishangazwa na kila sentensi ya Sesilia lakini akaitafsiri kwa uaminifu. Chumba kilikuwa kidogo, chenye zulia la kijivu. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Sesilia alikuwa ametegemea mahali pa kutisha zaidi.

Jaji akamuuliza kama yeye ni mama mzazi wa Miradie.

Hapa hapakuwa na wigi, wala shuka, wala sauti ya Rutilia ya kuazima. Alijaribu kuitafuta, hakuipata. Ikabidi atumie ya kwake, ambayo ilitoka ndogo na yenye mikwaruzo.

"Hapana. Mutoto iko ya mudogo yangu, Thérèse."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo pamoja na mtoto huyo katika miaka kumi na saba. Alishika ukingo wa meza. Rupinder akamsogezea maji.

Wakili wa upande wa pili, kijana mpole mwenye tai iliyopinda, akauliza kwa nini basi aliificha habari hii kwa miaka yote.

"Sikuficha," Sesilia akasema. "Nilizika."

Kizito akasita, akamtazama kuhakikisha kama ndivyo anavyotaka kusema, kisha akatafsiri. Jaji akaliandika neno hilo, akalipigia mstari. Mwisho wa kikao akamshukuru Sesilia kwa kusema kweli, na ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi yoyote ya nchi hiyo kumshukuru kwa jambo hilo. Alishukuriwa siku aliyojiona mwongo kuliko siku zote za maisha yake. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi na kulia, na Laurette akakaa naye, akimpigapiga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto.

Uamuzi ulikuja wiki ya pili ya mwezi wa saba, kurasa kumi na moja. Laurette aliusoma kwa sauti jikoni. Kwa aya thelathini nzima ulieleza kwamba Sesilia Nabintu si mama wa Miradie. Ulilieleza jambo hilo kwa ushahidi wa maabara, kwa maelezo ya shahidi, kwa vifungu vya sheria, na kwa kila aya ulizidi kumwamini Sesilia. Alikuwa shahidi mkweli. Alikuwa shahidi wa kuaminika. Hapana shaka kwamba si mama yake. Aya ya thelathini na moja ikasema kwa hiyo mtoto aruhusiwe kuja kuishi naye. Laurette akairudia aya hiyo mara tatu, akimkumbatia mama yake, akiruka, akisema maneno ya Kiingereza ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Sesilia alifurahi mpaka akapiga kigelegele. Halafu akakumbuka kwamba mtu mwingine alikuwa na kurasa hizo hizo mikononi, na Kiingereza cha Miradie kilikuwa kizuri kuliko chake. Simu ikalia kabla hajamaliza kukumbuka. Akaichukua, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alikuwa ametengeneza hotuba kwa wiki nzima, yenye mwanzo, kati na mwisho. Ikamkimbia yote.

"Mama," Miradie akasema.

"Nasikia, yangu."

"Nilisoma karatasi. Page ya kwanza banaandika weye hauko mama yangu. Page ya pili banaandika tena. Page ya tano tena."

"Banaandika, ndiyo." Sesilia akakaa kitandani. "Mwanangu, ile kitu…"

"Nilijuaka zamani, Mama."

Sesilia akaishika simu kwa mikono miwili.

"Bibi aliniambiaka mbele ya kufa. Nilikuwa na myaka tisa. Aliniapisha. Alisema, Sesilia asijue kama unajua, utamuvunja roho. Basi nilinyamaza. Na siku ya mate nilijua. Niliomba Mungu mashini ikosee."

Miaka minane. Kwa miaka minane Sesilia alikuwa amekaa upande huu wa simu akimlinda mtoto asijue, na mtoto amekaa upande ule akimlinda mama asijue kwamba anajua, na Bibi marehemu, aliyewakataza watu wote kusema, ndiye peke yake aliyesema. Sesilia akamkasirikia mama yake kwa moyo wote, akampenda, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamwagika, na kutoka Bujumbura akasikia kicheko kama hicho hicho. Walicheka mpaka Laurette akagonga mlango kuuliza kuna nini.

"Mama," Miradie akasema pumzi ilipomrudia, "pale airport, bakiniuliza niko naenda kwa nani, niseme nani?"

"Sema vile karatasi inasema. Sema kwa dada ya mama yako."

"Nitasema vile mpaka bagonge muhuri."

"Ndiyo. Na usilie mbele yao, unasikia? Bakiona unalia, batasema kumbe alikuwa mama yake kweli, na batatunyanganya ile karatasi."